Nilipe uwiwacho

Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, dagaa wengi huondoka kabla fedha haijaonekana. Mchuuzi anachukua magunia kwa mali kauli. Karani anafungua kaunta buku, anaandika jina, idadi ya magunia, bei na tarehe, kisha mchuuzi anatia sahihi au anabonyeza dole gumba. Akilipa, karani anapiga mstari juu ya jina lake. Asipolipa, jina linabaki wazi, na deni hilo litamfuata Sengerema, litamfuata Ukerewe, litamkuta hata msibani amekaa na wenzake kwenye mkeka.

Watu wanaoishi na daftari la namna hiyo wana nafasi nzuri ya kuielewa Injili. Jambo lenyewe liko mbele ya macho yao kila asubuhi, ila ni mara chache mtu huwaonyesha. Mathayo 6:12, kwa Kiswahili cha Biblia ya zamani, inasema: "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Wakatoliki wanaposali wanasema "makosa yetu", na Luka 11:4 inasema "dhambi zetu", lakini hata Luka hakuweza kuliacha daftari, kwa maana anaendelea: "kwa kuwa sisi nasi tunamsamehe kila tumwiaye." Kuwia ni kumdai mtu, kuwiwa ni kudaiwa. Neno hili limekaribia kufa midomoni mwetu, na nalisikitikia, kwa sababu limebeba mzigo ambao "kumkosea mtu" haliubebi. Nikikukosea, naweza kudhani kwamba yamepita. Nikiwiwa nawe, kuna kitu chako ambacho bado kiko kwangu.

Sasa tufanye hesabu, maana Yesu mwenyewe aliifanya. Katika Mathayo 18 Petro anauliza: nimsamehe ndugu yangu mara ngapi, hata mara saba? Anajibiwa saba mara sabini, kisha anapewa mfano wa mtumwa aliyedaiwa na mfalme talanta elfu kumi. Msomaji wa leo anakwama hapa hapa, kwa kuwa talanta siku hizi ni kipaji cha kuimba au kucheza mpira. Talanta ya siku zile ilikuwa uzani wa fedha, zaidi ya kilo 25, na thamani yake ilikuwa dinari 6,000. Dinari moja ndiyo ujira wa kibarua kwa siku, kama tunavyosoma kwa wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Talanta elfu kumi basi ni dinari milioni 60. Kibarua akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, bila kula hata senti, atamaliza kulipa baada ya miaka 200,000.

Tuilete hesabu hiyo hapa. Tuchukue kibarua anayepata shilingi 10,000 kwa siku. Deni lake ni shilingi bilioni 600. Daraja la Kigongo na Busisi, lile la kilomita 3 lililozinduliwa Juni 2025, limegharimu zaidi ya bilioni 700. Kwa hiyo mfikirie mtu anayepakua mizigo pale Kigongo kwa elfu kumi kwa siku, halafu anaambiwa: gharama ya daraja hili, karibu yote, unadaiwa wewe. Anaanguka chini na kusema, "Bwana, nivumilie nami nitakulipa yote pia."

Sentensi hiyo ndiyo ugonjwa wa binadamu kwa ukamilifu wake. Haombi msamaha, anaomba muda. Anaamini kwamba akiongezewa siku, akijikaza, akifunga, akitoa sadaka kubwa kidogo, hesabu itakaa sawa. Dini nyingi za watu, na Ukristo wa watu wengi pia, zimejengwa juu ya ombi hilo: nivumilie, nitalipa. Mfalme hakumpa muda. Alimhurumia, akamfungua, akamsamehe deni lote, kwa sababu muda usingemsaidia kitu.

Hapa wengi hupinga, na pingamizi lao ni la haki. Mtu anasema: mimi sijaua, sijaiba mashine ya mtumbwi ya mtu, nalea watoto wangu, deni la ukubwa huo limetoka wapi? Jibu la Biblia lina sehemu mbili, na wahubiri wengi hutaja moja tu.

Sehemu ya kwanza imo katika neno letu wenyewe, kukosa. Mvuvi akirudi mtumbwi mtupu tunasema amekosa. Anayetupa mshale ukapita pembeni, amekosa. Asiye na kitu, amekikosa. Na aliyemdhulumu mwenzake, amemkosea. Neno la Kigiriki linalotafsiriwa dhambi nalo asili yake ni kukosa shabaha. Warumi 3:23 inasema wote wamefanya dhambi "na kupungukiwa na utukufu wa Mungu". Kupungukiwa. Kipimo hapo hakikuwa jirani yako mlevi. Kipimo ni kile ulichoumbiwa uwe, yaani kumpenda Mungu kwa moyo wote na jirani kama nafsi yako. Jipime kwa siku moja tu, tangu kuamka hadi kulala, kwa kipimo hicho, uone mizani inasimama wapi.

Sehemu ya pili ni ngumu zaidi: tumezaliwa ndani ya hali ambayo hatukuianzisha. Wakristo wa Magharibi huiita dhambi ya asili. Ziwa letu, Viktoria, linaifafanua vizuri kuliko vitabu. Sangara hakuwa samaki wa ziwa hili. Aliletwa na watu, akapandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameshaenea kila mahali. Aina mamia za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, zikatoweka. Mtoto aliyezaliwa jana Ukerewe hakumwaga sangara hata mmoja majini, lakini amezaliwa kando ya ziwa lililokwisha kubadilika. Atavua alichokikuta. Na akikua atanunua kokoro, wavu wa kukokota, kwa kuwa jirani analo, na yeye mwenyewe ataongeza uharibifu kwenye uharibifu aliourithi. Hivyo ndivyo Paulo anavyozungumza katika Warumi 5: dhambi iliingia kwa mtu mmoja, na wote wakafanya dhambi. Urithi na hatia binafsi vimesukwa kama kamba moja, huwezi kuutoa uzi mmoja ukasema huu si wangu.

Mwanzoni mwa karne ya 5, mwalimu wa Kikristo aitwaye Pelagio alifundisha kwamba binadamu akitaka anaweza kutimiza amri kwa nguvu zake, na Agostino, askofu wa Hipo kule Afrika ya Kaskazini, alimpinga kwa maandishi mengi. Mtaguso wa Karthago, yaani mkutano wa maaskofu, wa mwaka 418 ukasimama upande wa Agostino. Mwafrika huyo alikuwa ameona jambo ambalo kila aliyejaribu kuacha pombe kwa nguvu zake tu anaweza kulishuhudia: utashi wenyewe ndio mgonjwa.

Turudi kwenye kaunta buku, kwa kuwa jambo kubwa kuliko yote liko pale. Tuseme mchuuzi anadaiwa shilingi 800,000, mume wake amefariki, hana kitu. Tajiri wa dagaa anamwambia karani: mfutie. Karani anachukua kalamu na rula, anapiga mstari. Kwa mchuuzi deni limekwisha. Lakini zile laki nane zimekwenda wapi? Hazikupotea hewani. Wavuvi walishalipwa, mafuta ya mashine yalishanunuliwa, waliobeba magunia walishachukua chao. Laki nane zimetoka kwenye mtaji wa tajiri. Amezilipa yeye. Hakuna msamaha wa bure duniani. Upo wa bure kwa anayesamehewa tu, na ukubwa wa bei hujulikana na aliyesamehe.

Ndiyo maana Wakristo hawakuweza kuhubiri msamaha bila msalaba. Mtu anauliza: kwa nini Mungu asiseme tu "nimesamehe" na yakaisha? Swali hilo linadhani kwamba kupiga mstari hakugharimu kitu. Paulo anawaandikia Wakolosai, 2:14, kwamba Mungu aliifuta "ile hati iliyoandikwa ya kutushitaki", akaiondoa, "akaigongomea msalabani". Neno la Kigiriki alilotumia hapo ni la hati iliyoandikwa kwa mkono, na watu walilitumia kwa hati ya mdaiwa kukiri deni lake, ndugu kabisa wa ile kurasa yenye dole gumba. Mwishoni mwa karne ya 11 Anselmo wa Canterbury aliijenga hoja nzima juu ya deni: aliyepaswa kulipa ni binadamu, anayeweza kulipa ni Mungu peke yake, hivyo mlipaji alipaswa kuwa Mungu na mtu pamoja. Hoja yake haimalizi yote, Mababa wa kwanza walipenda zaidi kusema juu ya ushindi dhidi ya mauti na Ibilisi, lakini kwa mtu wa mwaloni ndiyo inayoingia haraka.

Nitaje kosa moja linalorudiwa mimbarani. Husemwa kwamba neno la Yesu msalabani, "Imekwisha", ndilo lililokuwa likiandikwa kwenye stakabadhi za zamani kumaanisha "imelipwa yote". Ushahidi wa dai hilo ni dhaifu, na wataalamu wa hati za kale wanalitilia shaka. Wakolosai 2:14 inatosha. Ukweli hauhitaji kusaidiwa na kitu kisicho na uhakika.

Deni peke yake halitoshi kueleza wokovu, kwa sababu mdaiwa aliyefutiwa bado anaweza kuwa mtu wa kuzama. Hapa watu wa ziwa wana neno lingine, kuokoa. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa na abiria wengi kupita uwezo wake, na watu zaidi ya 200 wakafa. Siku mbili baadaye wazamiaji walimkuta fundi wa mitambo akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka, kwenye chumba kilichobaki na hewa. Fikiri hali hiyo. Alikuwa hai na alikuwa na ujuzi kuliko karibu wote waliokuwa humo, lakini hakuna alichoweza kufanya kuubadilisha mwisho wake. Ilibidi mtu ashuke alipo. Katika Waefeso 2:8 Paulo anasema "mmeokolewa kwa neema", na kitenzi hicho kina mtendaji nyuma yake. Sisi tumezoea kusema "nimeokoka", na Biblia ya Kiswahili nayo inatumia neno hilo, ila nimeona jinsi linavyoteleza: mtu huanza kulitamka kama cheti alichokipata kwa bidii. Ukiona hivyo, rudisha kitenzi mahali pake. Ulio-ko-le-wa. Nani alishuka?

Na hapo ndipo pa kukumbuka maneno ya Yesu katika Luka 13. Watu 18 waliangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Mwanza ilihitaji mstari huo baada ya MV Bukoba kuzama Mei 21, 1996, na bado inauhitaji kila ajali inapotokea majini na mtu akasimama kutafuta dhambi ya waliokufa. Makaburi ya Igoma, walikozikwa watu wa meli hiyo, si daftari la madeni.

Sasa toba yenyewe, jinsi inavyofanyika. Kwa Mkatoliki hatua zinajulikana tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza: kuchunguza dhamiri, kujuta, kukusudia kuacha, kuungama kwa padre, kutimiza malipizi. Kanuni ya 989 ya Sheria za Kanisa Katoliki inamdai aungame dhambi zake kubwa angalau mara moja kwa mwaka, na kanuni ya 983 inamfunga padre asitoe siri hiyo kwa neno wala kwa ishara, kwa sababu yoyote ile. Mhusika asiogope kusahau maneno, padre atamsaidia. Kinachoharibu ungamo ni mambo mengine kabisa. Wapo wanaoungama kwa jumla: "nimekosa kwa mawazo na maneno". Hiyo ni dibaji. Taja kitu, na kwa dhambi kubwa taja takribani mara ngapi. Wapo wanaoungama dhambi za mume au za mama mkwe. Na wapo, wengi mno, wanaoungama jambo moja mwaka baada ya mwaka wakiwa hawajagusa chanzo chake: simu ile ile, chumba kile kile cha kupanga, rafiki yule yule.

Walutheri na Waanglikana huungama pamoja mwanzoni mwa ibada, na makanisa yao yanaruhusu pia mtu kumwendea mchungaji faraghani, nafasi ambayo haitumiki inavyostahili. Kuhusu namna mtu anavyohesabiwa haki mbele za Mungu, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja huko Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999: ni kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu, ndipo Mungu anatupokea na kutupa Roho anayetuwezesha kutenda mema. Baadhi ya tofauti zimebaki, lakini jirani wawili wa Nyakato, mmoja Mkatoliki na mmoja Mlutheri, hawana tena sababu ya kuambiana kwamba mwenzake anafundishwa kununua mbingu.

Kurudisha ndipo penye kazi. Sheria ya Musa, Walawi 6, inamtaka aliyedhulumu arudishe kitu chenyewe kamili na kuongeza sehemu ya tano, kisha ndipo alete sadaka ya hatia. Angalia mpangilio: jirani kwanza, madhabahu baadaye. Tuseme mtu alikuwa akichezea mizani na kwa msimu mmoja amejipatia shilingi 400,000 zisizo zake. Tano ya hiyo ni 80,000. Anarudisha 480,000. Zakayo alijitoza mara nne, kiwango ambacho Torati iliweka kwa mwizi wa kondoo, na Yesu akasema wokovu umefika nyumbani humo. Hakununua wokovu kwa fedha hizo, Yesu alishaingia nyumbani kwake kabla hajaahidi hata shilingi. Fedha zilikuwa dalili kwamba mlango umefunguka kweli.

Aliyedhulumiwa akiwa amekufa je? Hesabu 5:8 ina jibu: apewe ndugu yake wa karibu, na kama hana ndugu, iwe ya Bwana mkononi mwa kuhani. Tumia mpangilio huo huo. Mtafute mwenyewe, kisha mjane au watoto wake, na ukiwa umetafuta kweli ukakosa, mpe maskini, bila kutangaza. Kama huna fedha zote, peleka ulizonazo na muandikiane zilizobaki kwa tarehe. Usiahidi kwa machozi kiasi ambacho utashindwa wiki ijayo, maana utamwacha mwenzako ameumizwa mara mbili.

Wenyeji wa ziwa hili waliliona jambo hilo kwa macho. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulipita Uganda ukafika Bukoba, ng'ambo yetu, na watu wake wakaitwa walokole, neno lililotokana na Kiganda lenye maana ya waliookolewa. Walijulikana kwa kuungama hadharani na kurudisha walivyoiba. Walituachia pia onyo. Ungamo la hadharani linaweza kumvua nguo mtu mwingine ambaye hakuwepo. Mwanamume akisimama kanisani kuungama uzinzi na kumtaja mwanamke, amefanya dhambi ya pili mbele ya mashahidi mia. Kipimo ninachokiona ni salama: dhambi ya siri iungamwe kwa siri kwa Mungu na kwa mtu mmoja anayeaminika, dhambi dhidi ya mtu iungamwe kwa mtu huyo, dhambi ya hadharani iungamwe hadharani. Na ukimwendea uliyemkosea, usimwambie "nisamehe kama nimekukosea". Hilo "kama" linamrudishia yeye kazi ya kuthibitisha. Sema: nilichukua hiki, siku fulani, nilidanganya hivi, ni kosa langu. Kisha nyamaza. Halazimiki kukujibu siku hiyo.

Ubatizo kwa makanisa yanayozamisha hufanyika ziwani, na penyewe pana mambo ya kuangalia. Kichocho kipo. Konokono wake hupenda maji yaliyotulia yenye magugu, na vijidudu hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali kuelekea mchana. Chagueni ufuo wa mawe au mchanga usio na magugu, nendeni asubuhi mapema, waulizeni wenyeji kuhusu mamba na kiboko, na wakati wa kingatiba ya kichocho msikwepe. Maji yafike kiunoni. Mchungaji anamshika mbatizwa nyuma ya shingo kwa mkono mmoja, mkono wa pili unashika mikono yake iliyokunjwa kifuani huku kitambaa kikiwa puani. Anamlaza kinyumenyume mara moja, anamtoa mara moja. Mzee wa kanisa asimame upande wa pili, kwa sababu mtu mzito aliyeshtuka huvuta chini. Katika sekunde ile chini ya maji, Warumi 6:4 inasema, mtu amezikwa pamoja na Kristo. Maji ya ziwa hayaoshi dhambi kwa kuwa ni maji, na anayezamishwa bila toba hutoka amelowa tu.

Kuna biashara inayofanyika juu ya hofu za watu, na inaniuma kuiona inavyokua. Chumvi, mafuta, vitambaa, maji ya chupa, sadaka ya kujinasua kwenye laana ya ukoo, kila kimoja na bei yake. Mama anakopa mkopo wa kausha damu Jumatatu ili Jumapili alipie kufunguliwa. Simoni wa Samaria alitaka kununua uwezo wa Mungu, na Petro alimjibu, Matendo 8:20: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Kama deni la bilioni 600 limefutwa, anayekutoza elfu hamsini kwa ajili ya lile lile anakudhulumu. Toa sadaka kwa shukrani, mtunze mchungaji wako, saidia wagonjwa. Usinunue ulichopewa.

Hofu nyingine ni ya wale wanaodhani wametenda dhambi isiyosameheka. Katika Marko 3 Yesu aliwaambia hayo waandishi walioona kazi ya Roho wazi mchana wakaiita ya pepo mchafu. Anayelia usiku akiogopa kwamba ameitenda, machozi yake yanaonyesha moyo ambao bado unasikia. Mpe 1 Yohana 1:9 aisome kwa sauti, mara nyingi: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu." Na wa haki, imeandikwa. Hati ikishagongomewa, kuidai tena kungekuwa dhuluma, na Mungu hadhulumu.

Yule mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi alitoka nje, akakutana na mjoli wake, mtumwa mwenzake, aliyekuwa akidaiwa naye dinari mia. Akamshika koo: "Nilipe uwiwacho." Dinari mia si kitu kidogo. Ni ujira wa zaidi ya miezi mitatu, kwa hesabu yetu milioni moja, na wanaotulaumu kwamba hatusamehi haraka hawaoni kwamba tumeumizwa kweli. Yesu hakusema deni lile ni la kubuni. Alilipima kando ya lile jingine: moja kwa laki sita.

Kusamehe ni kuacha kumshika koo. Ni kuamua kwamba hasara nitaibeba mimi, sitailipiza kwake, kwa watoto wake wala kwa jina lake. Kumwamini tena ni jambo jingine, linajengwa polepole, na kumrudisha kwenye sanduku la kikoba ni jambo la tatu. Aliyekula fedha za kikundi anaweza kusamehewa leo na asishike ufunguo tena maisha yake yote. Daudi alisikia kutoka kwa Nathani kwamba dhambi yake imeondolewa, na bado matokeo yake yakaingia nyumbani mwake.

Na msamaha haufuti jinai. Nalisema hili kwa wachungaji, makatekista na wazee wa ukoo: mtoto akibakwa au kulawitiwa, hakuna kikao cha upatanisho, hakuna ng'ombe wa kumaliza yaishe. Mtoto apelekwe hospitali kabla ya saa 72 kupita ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, fomu ya PF3 ichukuliwe polisi, kesi ifunguliwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ya kusaidia watoto ipo. Mke anayepigwa asiambiwe saba mara sabini ili arudi kupigwa. Petro aliuliza kuhusu ndugu aliyemkosea yeye mwenyewe. Hakuuliza amsamehe nani kwa niaba ya mtoto wa mwingine. Luka 17:3 inasema: "Kama ndugu yako akikosa, mwonye, akitubu msamehe." Kuonya kumo ndani ya amri hiyo hiyo.

Kuna mahali ambapo hakuna tena nafasi ya kurudisha chochote wala ya kwenda ziwani. Juu ya kilima cha Bugando, wodini, mgonjwa anaweza kuwa amefika siku ambayo hazungumzi. Kama ni Mkatoliki, mwite padre mapema, usingoje pumzi ya mwisho, kwa sababu mpako wa wagonjwa si cheti cha kifo. Kama ni wa kanisa jingine, mwite mchungaji, na asipofika, wewe unatosha. Kaa upande wa sikio lake. Sema jina lake. Usimhubirie, na usimtajie dhambi zake mbele ya ndugu. Soma Zaburi ya 51 polepole, kisha Luka 23, pale mnyang'anyi aliyesulubiwa, asiye na senti ya kurudisha wala siku ya kubatizwa, anaposema, "Ee Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako." Mwambie mgonjwa kwamba ombi hilo linaweza kuwa lake. Weka vidole vyako viwili kiganjani mwake, umwambie avibane kama anakubali, na umngoje.